Mpunga Katika Mto Nile

Misri sijafika, lakini nimeiangamiza mara nyingi tu, nikiwa nimekaa kitandani kwangu Iyunga na kompyuta nimeiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Historia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya. Mke wangu alikuwa mkunga katika kituo kimoja cha afya Iringa, na binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunga maneno, aliishi na mama yake. Kila mmoja wetu aliajiriwa na kupangiwa kituo chake kabla hatujajuana. Tukaoana tukiamini kwamba uhamisho ni kitu unaomba, unapewa. Tuliomba. Yeye aliomba kuja Mbeya, mimi nikaomba kwenda Iringa, na majibu yakawa yanafanana kama mapacha: kituo kina upungufu wa watumishi, vuta subira. Nilivuta subira mpaka ikaisha. Nikabaki mume wa kwenye simu, na jioni zangu nikazimalizia kwenye gemu.

Gemu lenyewe nilipewa na mwalimu mwenzangu kwenye flashi. Linakupa kijiji cha vibanda vya udongo kando ya mto Nile na kukuambia, haya, jenga dola. Unacheza kwa zamu, na kila zamu ni msimu. Maji yanapanda, yanashuka, unapanda mbegu, unavuna, unajaza maghala, unapeleka watu kuchonga mawe ya piramidi. Miungu inadai mahekalu. Jirani wa kusini leo anataka biashara, kesho anataka vita. Ukikosea mpango wa chakula watu wanakimbia, na Farao, yaani wewe, unabaki na nusu ya piramidi na njaa kamili.

Sisi tuliokuwa tukilicheza huku Nyanda za Juu Kusini tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, watu wa Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa, wengi wetu hatujawahi kuonana sura. Kundi lilikuwa na sheria moja niliyoipenda. Dola yako ikifika mwisho, iwe umemaliza piramidi au umekufa njaa, ni lazima uandike maoni yako juu ya mchezo: wapi watengenezaji wamepatia, wapi wameboronga. Hilo tuliliita kusoma hukumu. Ukishasoma yako, wenzako wanaihukumu hukumu yako, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Jamaa wa Makambako alilalamika kwamba miungu ya Misri inachangisha kuliko kamati ya harusi. Mwingine wa Mafinga, fundi wa mbao, aliandika kwamba nchi isiyo na msitu haifai kuishi binadamu, akalifuta gemu siku ileile. Wengine walilaumu muziki kwamba unaleta usingizi, wengine wakalaumu kompyuta zao kwamba zinachemka mpaka ungeweza kuchomea mahindi juu yake. Mimi nilijiona mjuzi kuliko wao wote. Nafundisha Historia, Misri ya kale iko kwenye somo langu. Nani wa kuniambia kitu?

Dola yangu ya kwanza ilikufa njaa, na iliyofuata pia.

Kosa langu lilikuwa la nyumbani kabisa. Wazazi wangu walihama Usukumani na ng'ombe wao wakashukia bonde la Usangu, na mimi nimekulia jirani na Madibira, kwenye mpunga wa umwagiliaji. Kwetu maji yakiingia shambani ndiyo kengele imegongwa. Habaki mtu nyumbani. Baba anavuruga tope na ng'ombe wake, mama na dada zangu wanapandikiza miche, maji yako magotini, migongo inauma, na ole wako uonekane umekaa kivulini. Kwa hiyo Nile ilipofurika na kioo chote kikawa cha bluu, nilifanya kile nilichomwona baba akikifanya maisha yake yote. Niliwatoa watu wote kwenye mawe nikawaingiza mashambani. Gemu halikunizuia. Lilipokea watu wangu, likapokea mbegu zangu, na msimu wa mavuno likanipa sifuri. Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikaanza upya, nikawaingiza tena majini, safari hii wengi zaidi.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika naandika. "Mchezo huu," niliandika kwenye kundi, "umetengenezwa na watu ambao hawajawahi kushika jembe. Maji yamejaa shambani, watu wapo, mbegu ipo, halafu mavuno hakuna? Kwetu Madibira hapo tungekuwa tumeshapandikiza, tumeoga, tunakunywa chai."

Haikupita muda mrefu, namba moja ya Iringa, ambayo picha yake ilikuwa ua kwenye kopo, ikajibu: "Ndugu yangu, Misri ya kale walilima ngano na shayiri. Ina maana umepandikiza ngano ndani ya maji? Hao watu wako hawakufa njaa. Walizama."

Kundi zima lilinicheka. Alama za vicheko zilimiminika, na kuanzia siku hiyo wakaniita Mpunga. Hata jamaa wa Makambako, ambaye dola zake hazijawahi kumaliza hata hekalu la kwanza, aliniita Mpunga.

Kilichoniuma si kucheka kwao. Kilichoniuma ni kwamba wiki ileile nilikuwa nimesimama mbele ya Kidato cha Kwanza nikawaeleza vizuri kabisa, kwa chaki, kwamba mafuriko ya Nile yaliacha udongo wenye rutuba, na kwamba watu walipanda maji yaliposhuka. Kichwa kilijua. Mikono ilikuwa ya Usangu. Ningeweza kucheka na mimi yakaisha, lakini sikuumbwa hivyo. Nilimjibu yule mtu wa Iringa kwamba ujuaji wake ni wa vitabuni na kwamba siku akiona mpunga atadhani ni majani ya ng'ombe.

"Mimi ni mtu wa milimani," akaandika. "Viazi na pareto. Kwetu ukiona maji yamesimama shambani unajua mwaka huo umeharibika. Ila sijawahi kumlaumu Farao."

Basi vita vikaanza. Nilikuwa nafuga ng'ombe ndani ya gemu kwa wingi kuliko mtu yeyote, na sikuwachinja. Sikuweza. Mtoto wa mfugaji hachinji ng'ombe kwa sababu kuna watu wana njaa kidogo. Msimu wa mafuriko malisho yalipofunikwa, ng'ombe walikula nafaka ya ghala, watu wakaanza kukimbia, na mimi nikasoma hukumu nyingine: kwamba gemu halina heshima kwa ng'ombe. Limemfanya nyama na ngozi tu. Maziwa hakuna, kuoa hakuna, kumkopesha jirani ng'ombe ili mjuane hakuna. Namba ya Iringa ikajibu: "Huyu si Farao jamani. Ni mchunga ng'ombe aliyepotea njia akatokea Misri."

Nilimchukia. Nasema wazi. Nilimchukia zaidi kwa sababu hukumu zake zilikuwa nzuri, na nilizisoma mara mbili mbili nikitafuta pa kumkamata. Aliandika kwamba kitu bora kuliko vyote katika gemu lile ni kwamba mafuriko huwezi kuyaamrisha. Unaweza kujenga mahekalu mpaka uchoke, maji yatakuja yanavyotaka, mengi au machache. Sasa Farao mwenye akili anajenga ghala kwanza. Mimi nilishikilia kwamba wakati wa mafuriko watu hawana kazi, basi wapelekwe kwenye piramidi, maana dola bila mnara nani ataikumbuka? Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu aliyeshiba akilalamika kwamba hakumbukwi. Tulibishana hivyo jioni nyingi, wengine wakitazama kama watu waliokaa kwenye benchi la kijiweni. Nilijua moyoni kwamba ni mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye nafasi na intaneti ya bure.

Mke wangu alikuwa akiniulizia habari zake kwenye simu kama mtu anayeulizia mgonjwa wa jirani. "Adui yako leo amesemaje?" Nikimsomea, anacheka, tena anacheka upande usio wangu. Mara nyingine aliniuliza, "Hivi wewe ungekuwa hapa Iringa ungepata wapi muda wa kugombana na watu usiowajua?" Ndiyo hasa nilichokuwa nakitaka, kukosa huo muda.

Safari moja nilifika Iringa bila kupiga simu, nikitaka kuwashtukiza. Binti yangu ndiye alifungua mlango. Alinitazama, akarudi ndani mbio, nikamsikia akisema, "Mama, kuna mgeni." Mke wangu alitoka na mikono yenye unga, akanikuta bado nimesimama nje na mkate wangu. Tulifanya mzaha, mtoto akabebwa, akaonyeshwa, akakubali kwamba ni baba. Lakini neno lile lilinichoma na likakaa. Sikuwa nataka cheo, sikuwa nataka kuwa mkuu wa shule. Nilitaka nyumba moja yenye sisi watatu ndani yake, na mtoto wangu anijue kabla hajaanza darasa la kwanza.

Njia iliyobaki ilikuwa kubadilishana. Watumishi wanaijua: unatafuta mtu wa kada yako, ikiwa ni mwalimu basi na masomo yako yaleyale, anayetaka kuja ulipo wewe, mnabadilishana vituo, na hapo wakubwa hawana la kusema juu ya upungufu. Nilibandika tangazo langu kila kundi la walimu nililolijua. Mwalimu wa Fizikia alinipigia, hatukufaana. Mwingine wa masomo yangu alikubali, tukaanza taratibu, halafu akapata mchumba hukohuko Iringa na kunitumia ujumbe wa kuniomba msamaha wenye kopa nyingi nyekundu. Nilimtakia ndoa njema kwa meno yaliyokazwa.

Nilikuwa kwenye ofisi ya walimu nasahihisha madaftari siku namba ya Iringa ilipoandika kwenye kundi ujumbe usio wa vita. Dola yake mojawapo ilikuwa imefika mwisho na watu walikuwa wakisubiri hukumu yake. Aliandika: "Mnisamehe, hukumu sina wiki hii. Nipo nyumbani milimani, Mbeya, mama anaumwa sana. Jumatatu inabidi nirudi Iringa, nina vipindi, Historia peke yangu shule nzima, na Kiswahili juu yake. Uhamisho nimeomba mpaka nimechoka."

Niliisoma, nikaweka kalamu chini, nikaisoma tena. Milima niliyodhani ni ya Iringa ilikuwa hii hii ya kwetu, ninayoiona kila asubuhi nikipiga mswaki. Na huyo kijana wa chuo alikuwa mwalimu wa sekondari, masomo yangu yote mawili, anayelia kuja Mbeya. Moyo ulinidunda kwa furaha, na papo hapo nikaona aibu, kwa sababu mtu ameandika mama yake anaumwa na mimi nimefurahi.

Nilimpigia mke wangu. "Sasa utamwambiaje?" akauliza. Nikasema nitatafuta mtu wa kati. "Mtu wa kati wa nini? Mwandikie mwenyewe. Mpe pole kwanza. Na ng'ombe usiwataje."

Nilimwandikia pembeni ya kundi, nikampa pole, nikajieleza kwa adabu zote za utumishi. Jibu lilikuja jioni: "Wewe si yule wa mpunga?" Nikakiri. Akaandika: "Basi njoo tuonane kabla sijaondoka. Nitapita Iyunga."

Tulikutana kwa mama lishe, karibu na ninapoishi. Nilikuwa natazama vijana wanaoingia, ndipo mama mmoja wa makamo, amejitanda mtandio mzito wa baridi, akaja moja kwa moja mezani kwangu. Alinisalimia "Mpunga, habari za majini?" nikasimama kwa kuchanganyikiwa nikamwamkia shikamoo. Aliniitikia huku akivuta kiti. Aliagiza chai ya tangawizi na chapati, akanitazama kama anavyotazama mwanafunzi aliyeletwa kwa kosa.

"Kwa nini nikuamini?" akaniuliza. "Wewe wakulima wako unawatosa kwenye mafuriko."

"Dada, hao ni wa kwenye kompyuta."

"Ndiyo huanziaga hapo."

Lakini alikuwa anacheka. Tuliongea hadi chai ikapoa. Alinieleza kwamba ni mtoto wa mwisho, kaka zake wako mbali, na kwamba kila anapoondoka mama yake anamuuliza atarudi lini, na yeye anamdanganya. Nilimweleza habari za mgeni mlangoni. Hakunipa pole. Alisema tu, "Tuanze basi, tusilale," na kesho yake alikuwa ameshaongea na mkuu wake wa shule.

Taratibu zilienda kwa mwendo wake, leo sahihi ya huyu, kesho yule yuko safarini. Kwenye kundi tuliendelea kugombana kama kawaida ili watu wasituulize. Kusema kweli tuligombana vizuri zaidi. Nilijenga ghala, sikumwambia mtu. Mke wangu alianza kupima madirisha kwa macho, akaniambia nyumba itahitaji kabati la vitabu. Nikamwambia asiongee sana. Nilikuwa naogopa kuutamka ule mpango, usije ukasikia ukakimbia.

Halafu mama yake akafariki.

Habari ilikuja kwenye kundi asubuhi, kabla ya paredi. Nilisimama mbele ya wanafunzi nisijue wanaimba nini. Nilimhurumia yule dada, kweli kabisa, nilikuwa nimeshampenda kwa ukali wake. Lakini chini ya huruma ile kulikuwa na sauti nyingine iliyosema kwamba mama hayupo tena, na mtu anayekuja kwa ajili ya mama hana sababu ya kuja. Niliichukia sauti hiyo na haikunyamaza.

"Nenda ukazike," mke wangu akaniambia. "Uhamisho usiutamke, hata ukiulizwa."

Nyumbani kwao ni juu, mahali ambapo ukungu unaingia mpaka kwenye sufuria. Wanaume tulikaa nje kuzunguka moto, baba yake mzee akiwa katikati yetu, wanawake ndani, na viazi vilikuwa vikiiva kwenye majivu. Watu wa kundi walikuja. Jamaa wa Makambako alikuwa mrefu, mpole, hana hata chembe ya yale maneno yake ya kwenye simu. Fundi wa mbao wa Mafinga alikuja na mfuko wa unga begani. Tulitambuana kwa sauti na tukapeana mikono kwa haya, kama watu waliowahi kutukanana gizani. Saa ya kuzika ilipofika tukaingia kwenye zamu na wengine. Huku kufukia ni kwa kupokezana: mtu anatupa udongo kidogo, mwenzake anamgusa mkono, anampokea koleo, hakuna anayeitwa wala anayeachwa achoke peke yake. Nilimpokea wa Makambako, wa Mafinga akanipokea mimi. Kwaya ya kanisa iliimba mpaka udongo ukawa tuta.

Baada ya chakula alitoka kuja kutushukuru, macho yamevimba, khanga mbili amejifunga. Aliwapitia wote, akafika kwangu.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kuzika au umekuja kuulizia uhamisho?"

Nilikuwa nimekatazwa. Nilitafuta jibu la kistaarabu nikalikosa. "Vyote, dada," nikasema. "Nimekuja kuzika, na roho yangu iko kwenye uhamisho. Nisamehe."

Nilidhani atanigeuzia mgongo, na ningeona ni haki yake.

"Angalau husemi uongo," akasema. "Nimechoka na uongo, mimi mwenyewe nimemdanganya sana mama. Lakini sikiliza. Mimi nilikuwa nakuja kwake. Sasa yuko pale. Sijui kama naweza kuishi nikilitazama lile tuta kila siku. Nipe muda."

Nikasema nimempa. Nilishuka mlima nikijua nimeukosa. Mke wangu hakunilaumu nilipomwambia kilichonitoka mdomoni. Aliniambia kwamba mtoto amejifunza kufunga vifungo vya sweta, na tukaongea habari za sweta mpaka salio likaisha.

Wiki zikapita. Sikumwandikia. Mara nyingi nilifungua ujumbe, nikaandika, nikafuta, na hiyo kwangu ni kazi ngumu kuliko kulima. Kundi nalo lilipoa. Hakuna aliyetaka kusoma hukumu yeye akiwa kimya.

Jumamosi moja akaandika. Alikuwa amemaliza piramidi yake, ile aliyokuwa ameisogeza taratibu mwaka mzima, na hukumu yake ilikuwa fupi.

"Nimeligundua kosa la mchezo huu. Farao akifa, zamu inayofuata mrithi yupo kwenye kiti na kazi inaendelea palepale. Hakuna matanga. Hakuna jirani anayeleta kuni. Hakuna hata siku moja ambayo watu wanakaa chini tu. Waliotengeneza wanajua kujenga, wanajua vita, msiba hawaujui. Mengine yote wamepatia."

Hakuna aliyecheka. Nilikaa na simu mkononi, kisha nikaandika maneno ambayo kundi lile halikuwahi kuyaona kutoka kwangu: "Nakubaliana nawe kabisa." Jamaa wa Makambako akauliza kama simu yangu imeibwa.

Hazikupita dakika nyingi ujumbe mwingine ukaingia, huu pembeni. "Mwalimu, funga mizigo. Baada ya matanga nilimwacha baba peke yake nyumbani. Nimerudi kumtazama, nikamkuta anakula viazi vya kuchoma asubuhi, mchana na jioni. Tangu azaliwe hajawahi kuchemsha chai, na maji ya ugali anaweka unga yakiwa ya baridi. Nikimwacha hivi nitamzika na yeye. Nakuja kwa baba."

Nilipiga kelele. Mwenye nyumba wangu alikuja mbio akidhani nimeungua. Nilimpigia mke wangu, nikashindwa kusema, akadhani kuna msiba mwingine, akaanza kulia, na ilichukua muda kumwelewesha kwamba safari hii tunalia kwa jambo jema.

Siku ya makabidhiano alikuja shuleni kwangu amevaa koti, nikampa meza yangu, ufunguo wa kabati na kiti kinachoyumba. Alipitia madaftari ya Kidato cha Kwanza.

"Misri umeishia wapi?"

"Kwenye mafuriko," nikasema.

"Nilijua tu," akasema, akachukua chaki akaenda darasani. Nilisimama dirishani kidogo nimsikie. Aliwauliza wanafunzi nani kati yao kwao wanalima mpunga, mikono kadhaa ikainuka, akawaambia hao wakae mbele kwa sababu ndio watakaosumbua. Niliondoka nikiwa na furaha na wivu kidogo.

Iringa nilifika katikati ya wiki. Kabati la vitabu lilikuwa limeshapata ukuta wake. Binti yangu alinipokea vizuri, alinionyesha vifungo, akanipangia kikombe. Siku zile zote alikuwa mwema kwangu kwa namna ya mwenyeji, ananikaribisha chakula, ananionyesha choo kilipo. Sikuelewa mpaka Jumapili, siku niliyozoea kurudi Mbeya. Baada ya kula alipotea chumbani, tukasikia kitu kinaburuzwa, akatokea na begi langu, analivuta kwa mikono miwili hadi mlangoni.

"Baba, basi litakuacha."

"Leo siendi," nikamwambia.

"Utaenda kesho?"

"Kesho nipo."

Akafikiri. "Na kesho yake?"

"Nipo. Nimehamia hapa. Nitakuwa nakaa na nyie siku zote."

Alinitazama, akamgeukia mama yake, uso umejaa malalamiko ya mtu aliyedhulumiwa. Ndipo mke wangu alipokumbuka na kunieleza: kila nilipokuja, mtoto alihamishiwa kitanda kidogo kwa ahadi kwamba baba akiondoka atarudi kulala na mama. Alikuwa amevumilia tangu katikati ya wiki, kwa heshima, akingoja mgeni aende.

"Sasa mimi nitalala wapi?" akauliza.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilicheka pia, halafu nikajikuta nalia, wala sikujificha. Mtoto hakuona la kuchekesha. Giza lilipoingia alibeba blanketi lake bila kumuuliza mtu, akapanda kitandani kwetu, akalala katikati, mikono ameitandaza, miguu yake imenisukuma mpaka ukingoni. Nililala hapohapo ukingoni, goti moja nje ya kitanda, na Jumatatu tuliamka wote watatu tumechelewa.